Muuguzi akipigwa, zamu inaendelea

Muuguzi akizabwa kofi saa nane za usiku hapa Mombasa, kinachofuata aghalabu ni kazi. Atanawa uso, atarudi kwa mgonjwa aliyekuwa akimshughulikia, atahesabu matone ya dripu, atampima presha mama aliyejifungua saa sita, na kukipambazuka atakabidhi zamu: wagonjwa ni wangapi, nani kahamishwa, nani kafariki, dawa ipi imekwisha. Kofi halitajwi. Halimo katika daftari la wodi, halimo katika OB, daftari la matukio la kituo cha polisi, na kesho yake ofisini hakuna alijuaye ila walioliona kwa macho. Mimi naamini madhara makubwa huanzia hapo. Kipigo huumiza, ndiyo, lakini kinachomvunja mtu hadi akaugua ni kuona kwamba mwajiri wake, wakubwa wake na mji anaouhudumia wote wanakihesabu kipigo kile kuwa sehemu ya mshahara wake.

Jambo hili si dogo wala si la Mombasa pekee. Mwaka 2019 yalichapishwa mapitio ya tafiti 253 kutoka nchi mbalimbali, zilizohusisha wafanyakazi wa afya zaidi ya 331,000. Asilimia 61.9 yao walikuwa wamefanyiwa ukatili wa namna fulani na wagonjwa au watu waliokuja na wagonjwa, katika muda wa mwaka mmoja tu. Karibu robo, asilimia 24.4, waliguswa mwilini: kupigwa, kusukumwa, kutupiwa kitu. Waliotukanwa walikuwa asilimia 57.6. Shirika la Afya Duniani nalo hukadiria kwamba kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hupigwa angalau mara moja katika maisha yao ya kazi. Pengo hilo baina ya 8 na 38 lina sababu nyingi, na mojawapo ni hii ya vipigo visivyoandikwa popote.

Namwomba msomaji atulie kidogo kwa lile la matusi, kwa kuwa ndilo tunalolipuuza. Pwani tunajua uzito wa neno. Tunao ndugu walioacha kusalimiana miaka na miaka kwa sababu ya tusi moja la mzazi, na tunawafunza watoto wetu kuchunga ulimi kabla hawajafunzwa kusoma. Basi vipi tusi hilo hilo, likitamkwa wodini mbele ya wagonjwa ishirini, ligeuke jambo la kupita? Muuguzi hutukanwa mamake, hutukanwa kabila lake, huambiwa ni mwizi wa dawa na muuaji wa watoto, na hapo hapo anatakiwa amdunge sindano aliyemtukana kwa mkono usiotetemeka.

Hasira yenyewe hutoka wapi? Tuitazame Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi wetu twaiita Makadara. Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333 katika sensa ya 2019. Hospitali hiyo hupokea wagonjwa wa kaunti hii, na juu yao wale wa rufaa kutoka Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River na Lamu. Pamoja na hayo, katika hospitali zetu za umma kwa jumla mgonjwa haji peke yake. Huja na jamaa, na jamaa huyo ana kazi: anasukuma machela, anapanga foleni ya kadi, anapeleka damu maabara, anakwenda kununua dawa nje ikiwa dirishani haipo, anamlisha mgonjwa na kumbadilisha shuka. Tangu SHA, bima mpya ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya ile ya zamani, NHIF, mwezi Oktoba 2024, kazi yake nyingine ni kusubiri mtandao. Mtu aliyefika tangu alfajiri, akazungushwa dirisha hadi dirisha, akatoa pesa aliyoikopa, ifikapo jioni amejaa. Aliyekosa kuagiza dawa hayupo mbele yake. Aliyepanga bajeti yuko nyumbani kwake. Daktari mkuu ameingia chumba cha upasuaji. Aliyebaki pale, amesimama, amevaa sare, jina lake limeandikwa kifuani, ni muuguzi.

"Sista, babangu afa hapa na wewe waandika tu!"

Kauli kama hiyo yeyote aliyewahi kulaza mtu katika hospitali ya umma ameisikia, kama hakuitoa mwenyewe. Anayeitoa hajui, wala hakuna aliyemweleza, kwamba yale maandishi ndiyo yanayomlinda babake. Dozi isipoandikwa, anayeingia zamu ya asubuhi ataitoa mara ya pili. Msukumo wa damu usipoandikwa saa kwa saa, daktari hataona kwamba hali inateremka. Jamaa anamwona mtu amekaa na kalamu, na mzee anahema. Pasipo mtu wa kumfasiria anachokiona, atakifasiri kwa hofu yake.

Siyasemi haya kuihalalisha ngumi. Nayasema kwa sababu ukitaka kuizuia ngumi lazima uifuate ilikotoka, na mara nyingi imetoka katika kungoja na kutoambiwa. Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo cha madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000 ili nchi iweze kutoa huduma za msingi, na Kenya bado haijakifikia. Tafsiri yake usiku wa manane ni muuguzi mmoja mwenye wodi nzima. Huyo hana dakika kumi za kukaa na jamaa amweleze kwa nini damu imechelewa, na dakika hizo kumi ndizo zingemwokoa yeye mwenyewe.

Hapa nitofautishe, maana lawama ikimwagwa ovyo haimsaidii mtu. Wako wagonjwa wanaopiga kwa sababu ni wagonjwa. Malaria iliyopanda ubongoni, sukari iliyoshuka, homa kali ya mzee, mama aliyezinduka kutoka katika degedege la kifafa cha mimba, kijana wa unga, yaani heroini, aliyeshikwa na arosto, mateso ya kuukosa unga huo: wote hao wanaweza kumng'ata au kumpiga teke anayewahudumia, na kesho wasikumbuke lolote. Huyo hapelekwi polisi. Anahitaji glukosi, anahitaji dawa ya kumtuliza, anahitaji watu wanne waliofundishwa namna ya kumshika bila kumuumiza. Mji wetu unaijua arosto kuliko miji mingi ya Kenya, na wauguzi wanaoipokea wanastahili mafunzo na mikono ya kutosha. Lakini mfupa uliovunjwa na asiyejitambua umevunjika vile vile, na usingizi wa aliyevunjwa huondoka vile vile. Ugonjwa humwondolea mgonjwa hatia. Jukumu la mwajiri linabaki pale pale.

Wengine wanajitambua sana. Wako vijana wanaomfuata hadi kitengo cha dharura mwenzao aliyekatwa panga, wakitaka ahudumiwe kabla ya mama anayevuja damu, na wanaonyesha waziwazi watafanya nini wasipotiiwa. Wako wanaume wanaodhani mwanamke aliyevaa sare nyeupe zamu ya usiku ni wa kuguswa. Na wako, tulitaje hili pia, wakubwa wa kazi wenyewe, daktari anayemfokea muuguzi mbele ya mgonjwa, msimamizi anayepanga zamu ngumu kwa aliyemkataa. Ukatili wa aina hii haupigi kelele na ndiyo maana hudumu. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi awe na sera iliyoandikwa dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Muulize muuguzi yeyote unayemfahamu kama amewahi kuonyeshwa ya kwake.

Wauguzi wa kiume wana fungu lao. Kukizuka fujo wao ndio huitwa: wewe mwanamume, mshike. Hakuna aliyewafunza kushika, ila wanatumwa mbele kama askari, na wakiumia wanaona haya kusema. Katika wodi ya uzazi hukutana na mgogoro mwingine ambao hapa kwetu lazima tuuzungumze kwa adabu. Familia nyingi za Mombasa hazitaki mwanamume amwone mke wao akijifungua. Ombi hilo lina msingi wake katika dini na mila, na hospitali yenye wauguzi wa kutosha ingelitimiza bila ya neno. Lakini aliyeko zamu usiku huo hakujipanga mwenyewe. Akikunjwa shati mlangoni na mume aliyehamaki, analipia upungufu ambao si wake, na ndani mtoto haachi kuja.

Najua wasomaji wengi wamekwisha kuuliza: na manesi wanaotutukana sisi? Swali hilo ni la haki na sitalikwepa. Utafiti uliofanywa katika vituo 13 vya afya nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba mwanamke mmoja katika kila watano alisema alidharauliwa au kutendewa ubaya alipokwenda kujifungua. Mama aliyepigwa kofi la paja akiwa na uchungu hasahau, na wala hatakiwi kusahau. Dadake aliyesikia habari hiyo atafika hospitali siku yake akiwa tayari amejihami kwa maneno makali.

Sasa tuangalie kile ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiandika mwaka 2019 lilipouingiza uchovu mkuu wa kazini katika toleo la kumi na moja la orodha yake ya magonjwa. Halikuuita ugonjwa, liliuita hali inayotokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa vyema, na likaipa alama tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu. Ya pili ni moyo kujitenga na kazi, kuikinai, kuwaona unaowahudumia kwa jicho la ubaridi. Ya tatu ni kuona hufanyi kitu cha maana. Ile ya pili ndiyo nesi mkali tunayemjua sote. Yule binti aliyelia alipofiwa na mgonjwa wake wa kwanza, miaka minane baadaye anamjibu mama mwenye uchungu bila kumtazama. Kati ya siku hizo mbili kuna matusi, kuna misukumo, kuna usiku aliozabwa kofi akaambiwa aendelee. Moyo ulijifunika ili usiumie, na ukishajifunika haumchagui wa kumkinga na wa kumpokea. Wapo wauguzi waliopitia yote hayo na bado wana upole, kwa hiyo asiyetenda wema ana lake la kujibu. Ila tukitaka wauguzi wapole huku tukiacha wapigwe, tunataka mavuno ya shamba tulilolichoma.

Nini hasa hutokea akilini? Siku za mwanzo karibu kila mtu huwa na mshtuko: usingizi hauji, tukio linajirudia, mkono unatetemeka. Wengi hupona bila dawa, wakipata utulivu na watu wa kuwaegemea. Wasiopona, mambo hayo hupita mwezi na kuota mizizi. Anasikia viatu vinakimbia ukumbini na moyo unaanza kwenda mbio kabla hajajua ni nani. Anaomba kuhamishwa wodi, akikataliwa anaanza kuugua siku za zamu. Anampa dawa mgonjwa huku jicho liko mlangoni, na hapo ndipo makosa ya dozi yanapoingia. Madhara ya muuguzi yanakuwa madhara ya mgonjwa asiyehusika kabisa. Nyumbani watoto wanamwona mama ana hasira za karibu, mume analalamika kwamba hazungumzi. Wengine huingiwa na huzuni isiyoondoka, wakaanza kufikiria kufa. Wengine huondoka. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wauguzi huko, na ingawa mshahara ndio sababu inayotajwa kwanza, wanaofunga mizigo wana sababu nyingine wasizozijaza katika fomu.

Kutafuta msaada kwa muuguzi ni kugumu kuliko kwa mtu mwingine. Mombasa huduma ya akili ya umma inajulikana iko Port Reitz, na anayekaa pale kwenye benchi kusubiri atafunguliwa faili na mtu aliyesoma naye chuo. Kufikia Ijumaa habari imefika wodini kwake. Nyumbani, jamaa wanaomtakia heri watampeleka asomewe Kurani, na kusomewa kuna faraja yake ambayo nimeiona kwa watu wengi. Lakini Jumatatu anarudi katika ukumbi ule ule, zamu ile ile, mlango usio na askari. Jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Tukilichukulia pendekezo hilo kwa uzito, wa kuangaliwa mapema ni wale wanaowauguza wengine.

Sheria tunazo. Kifungu cha 251 cha Sheria ya Adhabu kinampa aliyemjeruhi mwenzake kifungo cha hadi miaka mitano. Katiba ya 2010, katika ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira mazuri ya kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama wa waliomo, na penye watu ishirini au zaidi iwepo kamati ya usalama. Ile ya fidia kwa wanaoumia kazini, WIBA, nayo ya 2007, ina jedwali linalohesabu viungo: kupoteza mikono yote miwili ni asilimia 100, na vidole kila kimoja na kiwango chake. Aliyekatwa kidole atajiona katika jedwali lile. Aliyepoteza usingizi kwa mwaka mzima atajitafuta sana. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, umeuona upungufu huo, kwani unahesabu madhara ya akili sawa na ya mwili, na unaihesabu hata njia ya kwenda na kurudi kazini. Muuguzi wa Likoni anayetoka zamu usiku, akavuka feri, akashuka ng'ambo na kutafuta bodaboda ya kumwingiza mtaani, yumo ndani ya mkataba huo.

Kwa nini basi hawaripoti? Kwa sababu swali la kwanza watakaloulizwa ni: kwani wewe ulimwambia nini? Swali hilo moja limefunga midomo kuliko vitisho vyote vya washambuliaji. Halafu akitaka kushtaki ni lazima yeye mwenyewe, baada ya zamu ya muda wa saa kumi na mbili, aende kituo cha polisi, aandikishe, achukue fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha, atafute daktari wa kuijaza, na siku ya kesi aombe ruhusa. Mshtakiwa naye anajua muuguzi huyo anafanya kazi wapi. Mwajiri wake anatazama tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hospitali hizi za kaunti, tangu ugatuzi wa 2013, mwajiri wake ana jina na ofisi: ni serikali ya kaunti. Kwa hiyo yanayohitajika hayangoji Nairobi. Mlalamishi polisi awe hospitali, kwa jina la hospitali, na muuguzi abaki shahidi. Saa ile ile ya tukio atolewe kwenye wodi, mwenzake apokee wagonjwa wake, na msimamizi wa zamu aketi naye. Hapo pana jambo ambalo wenye nia njema hulikosea: asilazimishwe kusimulia kila kitu papo hapo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2013, halipendekezi vikao vya kumkamulia mtu kumbukumbu mara tu baada ya tukio. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia, iliyoandikiwa mwongozo mwaka 2011, ni nyepesi zaidi: mtazame anahitaji nini, msikilize akitaka kusema, muunganishe na watu wake na msaada uliopo. Msimamizi yeyote anaweza kufunzwa hayo. Baada ya mwezi aulizwe tena, kwa siri, na mtu asiyempangia zamu, kwa kuwa wanaoachwa na jeraha la kudumu hujulikana wakati huo. Na kama anahitaji mshauri, alipiwe kwa mshauri wa nje ya kituo chake, asikokutana na faili lake mezani kwa rafiki.

Kabla ya hayo yote kuna lile la jamaa. Kila kitengo cha dharura kiwe na mtu ambaye kazi yake ni kuzungumza na wanaongoja: mgonjwa wenu yuko wapi, anangoja nini, itachukua muda gani, dawa hii mtaipata wapi. Awe anajua lugha za watu wanaokuja, awe na subira, na alipwe kwa kazi hiyo. Naiona kuwa na thamani kuliko kamera na chuma, ingawa mlango wa wodi ya usiku pia unataka askari aliyefunzwa, na wa kiume na wa kike.

Mwaka 2017 wauguzi wa Kenya waligoma siku 150, kuanzia Juni hadi Novemba, kwa ajili ya mkataba wa malipo. Nakumbuka jinsi walivyolaumiwa. Watakapokaa tena mezani na kaunti, chama chao, KNUN, kingeweka masharti mawili yasiyogharimu pesa nyingi: kwamba siku anazopumzika muuguzi baada ya kushambuliwa kazini zisikatwe katika likizo yake ya mwaka, na kwamba kila tukio liandikwe kabla ya kukabidhi zamu, pamoja na idadi ya wagonjwa na dawa zilizokwisha.